Twita za Baba Mkwe

Tuliachana wiki iliyopita mama mkwe amesimama katikati ya sebule, kanda mkononi. Tangu siku hiyo mmenitumia ujumbe mwingi. Mmoja ameandika maneno manne tu: "Fundi, wewe si mtu." Nimeusoma mara tatu.

Kwa anayeingia leo, nitasema kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kuyarudia.

Mimi ni fundi redio. Mtu akiniletea spika, nikiifungua haoni ninachofanya humo ndani. Anaamini tu. Baba mkwe wangu, mwalimu wa kwaya mstaafu, aliniamini. Alikuwa na boksi mbili za spika alizozipenda kuliko wajukuu. Nikazichomoa twita zake, zile spika ndogo za juu zinazotoa sauti nyembamba, nikamwekea za bandia zenye sura ileile. Zile halisi nikazifunga kwenye spika za ukumbi wa harusi, ili watu waseme fundi huyu ana mkono. Na kweli walisema.

Mzee akagundua. Jumanne moja, saa nane mchana, aliniita tukiwa wawili tu. Tukagombana. Akashika kifua, akaniomba nimpe dawa yake iliyokuwa juu ya kabati. Kutoka niliposimama mpaka kabatini ni hatua tatu.

Sikuzipiga. Nilikuwa na hasira, nikajiambia anaigiza ili nikiri. Mara nikasikia geti linafunguliwa, nikadhani ni mke wangu anarudi, nikachoropoka kwa mlango wa jikoni.

Hakuwa mke wangu. Yeye alirudi baada ya saa nzima, akamkuta baba yake sakafuni, amekwisha poa. Lile geti nikajiambia ni upepo.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Siku ile mama alikuwa kliniki, na zamu ya kukaa na mzee ilikuwa ya mke wangu. Yeye alikwenda kutengeneza nywele. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni mtunza stoo, na kiunoni ana bunda la funguo linalomtangulia kila aendako kama kengele ya mbuzi. Shemeji alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia dada yake, "Baba amekufa kwa sababu ya nywele zako."

Mke wangu alinyoa kichwa siku ileile. Leo ni mwezi wa tatu, na kila zikiota anazinyoa tena.

Na mimi nilikuwa pale, nimeshika bilauri ya maji, nikanyamaza.

Basi, turudi kwenye kanda.

Mama aliikuta ndani ya deki ya kuchezea kanda, chini ya kitambaa alichoifunikia tangu msiba. Juu yake kuna mwandiko wa mzee: JUMANNE. Maikrofoni yake ya kwaya ilikuwa bado imechomekwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mzee alikuwa anarekodi ubovu wa spika zake ili anitolee ushahidi. Deki ilikuwa inazunguka tangu nilipoingia.

"Weka tusikie," mama akasema.

Ningefanyaje? Nikaweka.

Sauti ikatoka kama ya watu wanaozungumza chini ya blanketi. Unausikia mvumo wa mzee, unajua kabisa ni yeye, lakini hushiki neno hata moja. Mnajua kwa nini? Hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma utepe, ilikuwa chafu, ni kweli, lakini kubwa zaidi ni zile twita za bandia. Neno la binadamu lina ncha zake, na ncha hizo zinatoka kwenye twita. Bila twita unabaki na ngurumo tu.

Wizi wangu ulikuwa unanificha. Nilikaribia kumshukuru Mungu, kisha nikaona haya.

"Kuna sauti mbili," mke wangu akasema.

"Ni redio hiyo," shemeji akajibu upesi. "Baba alikuwa hazimi redio."

Nilimpenda shemeji wakati ule kuliko ndugu yangu wa damu.

Mama akanigeukia. "Mkwe wangu, si wewe ndiye fundi? Itengeneze isikike."

"Nitajaribu, Mama. Ila vifaa vya spika kama hizi vimekwisha madukani. Ni za zamani mno."

"Mama, achaneni na hiyo kanda," shemeji akasema. "Mtajiumiza bure. Mwacheni marehemu apumzike."

"Yeye amepumzika," mama akamjibu. "Mimi bado."

Usiku ule, nyumbani kwetu, mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, akipapasa kichwa chake kitupu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akaniambia. "Kama aliniita."

"Na ikiwa alikuita?"

"Basi kaka anasema kweli. Nitajua kwamba baba alikufa akiniita, na mimi nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele."

"Na kama hakukuita?"

"Nitalala," akasema. "Hicho tu ndicho ninachotaka. Nilale."

Ningeweza kusema palepale. Nikazima taa.

Siku tatu zilizofuata nilifanya kazi ambayo sijawahi kumfanyia mteja yeyote. Nilisafisha hedi kwa pamba na spiriti mpaka ikang'aa. Nilizisogeza spika mbali na ukuta ili besi isivume. Nilizipandisha juu ya vigoda, twita zilingane na sikio la mtu aliyekaa. Nikatundika blanketi kwenye ukuta mtupu uliokuwa unarudisha mwangwi. Nikabadilisha nyaya. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja kilichotakiwa.

Mama alikuwa ananiletea chai palepale sakafuni. "Mungu akuzidishie, mwanangu," ananiambia. "Baba yako alikuwa anakusifu sana."

Chai ile niliinywa. Sijui ilipitaje.

Kila jioni tunaiweka kanda. Kila jioni ni blanketi lilelile.

Alhamisi, nikiwa bado sakafuni, mke wangu aliingia amebeba kifurushi kwenye mtandio. Uso wake ulikuwa umechangamka, kitu ambacho sikukiona tangu msiba.

"Baba watoto, nimezipata!"

"Umepata nini?"

Akafungua mtandio. Twita mbili.

"Nilimuuliza fundi wa mtaa wa pili. Akasema aina hii aliiona kwenye spika za ule ukumbi wa harusi. Nikaenda kwa mwenye ukumbi, nikamweleza habari za kanda. Kumbe baba ndiye aliyemfundisha kuimba! Alilia yule mtu mzima. Akazifungua mwenyewe akanipa, hakutaka chochote."

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilikuwa nimejisahau, nikaacha kuhesabu.

"Lete nizione," mama akasema. Akazipokea, akazigeuza. Akavaa miwani. Akazigeuza tena.

Halafu akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Rangi nyekundu, imekauka nusu.

Ngoja niwaambie jambo ambalo sisi mafundi tunalijua na huwa tunalichekea. Watu waangalifu, kabla ya kupeleka redio kwa fundi, huifungua wakaweka alama ndani: mkwaruzo wa msumari, tone la rangi, chochote. Wakirudishiwa wanaangalia kama ni kile kile. Mimi huwa naitafuta alama kabla sijagusa kitu. Nilizitafuta kwenye twita za mzee. Nikaangalia mbele, nikaangalia kando. Nyuma, pale chini ya sumaku, sikuangalia. Nilijiambia, baba mkwe wa mtu hawezi kumwekea mkwe wake alama.

Hakuweka yeye. Aliweka mama.

"Tone hili niliweka kwa mkono wangu," mama akasema. "Siku alipozinunua. Nilimwambia mafundi si watu wa kuaminiwa. Akanicheka."

Mke wangu alinitazama. Uchangamfu ulikuwa unamtoka taratibu.

"Mwenye ukumbi aliniambia spika zake ulitengeneza wewe," akasema. "Nilijivuna aliposema hivyo."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ndiyo maana nilishindwa kudanganya.

"Nilizitoa mimi," nikasema. "Nisameheni. Tamaa ya sifa tu. Nilikusudia kuzirudisha."

Ilikuwa nusu ya ukweli, nikaitoa haraka ili watosheke nayo, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili apite. Nililia pia. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini nayo niliyatumia.

Zikasikika funguo barazani. Shemeji aliingia, akaambiwa, akanikaba ukosi wa shati mpaka kifungo kikaruka.

"Ulimwibia baba yangu? Ndani ya nyumba yake?"

"Mwache," mama akasema.

"Nimwache? Huyu asiguse tena kitu humu! Na hiyo kanda itupwe, Mama. Imekwisha leta balaa."

"Mwache, nimesema." Mama akaziweka twita mapajani. "Vitu ni vitu. Alizitoa yeye, atazirudisha yeye. Jumapili mchana tunakaa wote hapa, namsikiliza mume wangu."

Shemeji akaniachia. Nilishangaa macho yake yalivyokuwa kwenye deki, si kwangu, nikadhani ni hasira.

Jumapili ikafika. Nikazifungua boksi, nikazirudisha twita mahali pake. Mke wangu alinishikia tochi. Hakusema nami ila "hapa" na "shika." Nilipokuwa nalehemu nyaya, tone la risasi la moto liliniangukia kidoleni. Aliona. Zamani angekipuliza.

Nilipomaliza nilifungua redio kujaribu. Msomaji wa habari alikuwa kama amekaa mezani nasi. Ungesikia hadi anapogeuza karatasi. Miaka ishirini ya ufundi, sijawahi kutengeneza spika zikalia vile.

Nikajua nimekwisha.

Lakini fundi haishiwi. Kwenye deki, kando ya hedi, kuna skrubu moja ndogo inayoishikilia hedi ilale sawa juu ya utepe. Ukiizungusha robo tu, sauti yote ya juu inapotea. Hata spika iwe nzuri namna gani, kanda itatoka imefunikwa blanketi. Nikainama kama mtu anayefuta vumbi. Robo. Nikaongeza nusu ya robo.

Mama akaketi katikati. Shemeji alikataa kiti, akasimama karibu na mlango. Niliona kitu kidogo ambacho sikukitia maanani: funguo zake alikuwa amezikusanya zote ndani ya ngumi, hazilii.

Nikabonyeza.

Mvumo. Blanketi lilelile.

Mama akafumba macho. Tukasikiliza dakika moja, mbili. Shemeji akashusha pumzi ndefu. "Si niliwaambia? Kanda imeoza. Zimeni."

"Imeoza kweli," nikasema. "Utepe ukikaa hivi, fundi hana la kufanya."

Mke wangu alianza kulia. Si kwa sauti. Mabega tu. "Basi sitajua," akasema. "Mpaka nife sitajua kama aliniita."

Wasomaji wangu, pale ndipo mtu mwenye moyo angesema. Mimi nilinyoosha mkono nizime.

"Ngoja," akasema.

Akajifuta pua kwa kiganja. "Redio inalia vizuri, kanda hailii. Basi ubovu hauko kwenye spika." Akanyoosha mkono kwangu. "Nipe bisibisi ndogo."

"Ya nini?"

"Nimeishi na wewe miaka kumi na moja. Kanda za wateja zikitoka hivi huwa unafanya nini? Unazungusha kale kaskrubu huku umetega sikio. Nimekushikia tochi mara ngapi?"

"Utaiharibu, mama watoto..."

"Si umesema imeoza?"

Alipiga magoti mbele ya deki. Akaingiza bisibisi kwenye katundu, akainamisha kile kichwa chake kisicho na nywele mpaka sikio likakaribia kugusa spika, akazungusha polepole, kama ninavyofanya mimi. Upande mmoja, sauti ikazama. Akarudi. Akapita pale nilipopaharibu. Akaongeza kidogo.

Na mzee akaingia sebuleni.

Sijui niseme vipi. Hakuwa kwenye spika. Alikuwa pale kati ya boksi mbili, mbele ya mama, na unasikia hata meno yake ya bandia yanavyogongana.

"...moja, mbili. Sikilizeni hii redio, imebaki kifua, kichwa kimekufa. Haya, nani huyo? Ingia. Ingia, mkwe wangu, mlango uko wazi."

Mama alifumbua macho, akanigeukia. Mke wangu hakugeuka. Bisibisi ilisimama mkononi mwake.

Nilikuwa nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba Jumanne ile sikukanyaga nyumba ile.

"Mimi nimefundisha kwaya miaka thelathini na mbili," mzee akasema. "Nikikuambia sauti imekufa, imekufa. Umefanya nini na spika zangu?"

Na mimi nikajibu. Sauti yangu, safi, kila neno na ncha yake. Nikimwita mzee mwongo. Nikimwambia masikio yake yamezeeka.

Kisha kiti kikagonga sakafu.

"Mkwe wangu... dawa. Juu ya kabati. Nipe, tafadhali."

Kimya.

"Mkwe wangu. Nakuomba."

Kimya kile nilikijua. Ni mimi nimesimama. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyokikumbuka.

Geti likalia kwa mbali. Nyayo zangu mbio. Mlango wa jikoni.

Mke wangu aligeuka, bado yuko magotini. Nilitegemea anitukane. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Hakuniita mimi. Alikuita wewe."

"Mke wangu..."

"Miezi mitatu nanyoa kichwa, na wewe unaniangalia. Wembe ulikuwa unaninunulia wewe."

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe. Mama alinishika kifundo. Sikujua kikongwe anaweza kuwa na nguvu zile.

"Iache," akasema. "Bado anapumua. Nitakaa naye mpaka mwisho."

Kweli alikuwa anapumua, kwa shida, kama anayepanda ngazi. Kumbe nilipotoka hakuwa amekufa. Hilo nilikuwa silijui mpaka dakika ile, na ndilo lililonikalisha chini sakafuni.

Ndipo nikasikia nyayo nyingine.

Zilikuwa zinaingia kwa mlango wa mbele, viatu vizito, bila haraka. Na juu yake kuna kisauti chembamba, cha juu kabisa, ambacho twita zangu za bandia zisingekitoa hata ungezipigia magoti. Chuma kikigusana na chuma. Kila hatua, kinalia.

"Afadhali umekuja, mwanangu," mzee akasema kwa ile pumzi iliyobaki. "Dawa... kabatini."

Hakuna aliyemjibu. Kile kisauti kikakoma.

Tukangoja. Mama mkono wake kifundoni kwangu, mke wangu na bisibisi yake, mimi sakafuni. Utepe unazunguka. Mzee anavuta pumzi, anavuta tena, halafu sikusikia nyingine.

Kisha funguo zikalia tena. Ila safari hii hazikutoka kwenye spika. Zilitoka nyuma yetu, pale mlangoni.